Haibiskasi ya chunguni Dodoma: majani ya njano, matumba yanayodondoka na wadudu weupe

Haibiskasi inayozungumziwa hapa ni ile ya mapambo, Hibiscus rosa-sinensis, yenye ua pana na ulimi mrefu unaochomoza katikati. Siyo rosela ya juisi inayouzwa sokoni ikiwa imekaushwa, ingawa hizo mbili ni ndugu, na bamia na pamba nazo zimo katika ukoo huo huo. Undugu huo una hasara zake, kama itakavyoonekana kwenye sehemu ya wadudu.

Mmea huu ni wa nchi za joto lenye unyevu. Dodoma joto lipo, unyevu ndio haupo. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu inafuata miezi ya ukavu na upepo. Maji ya mji kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka visima virefu vya Makutupora, na nyumba nyingi za pembezoni zina visima vyake. Maji ya ardhini katika ukanda huu mara nyingi ni magumu, na baadhi ya visima vina chumvi ya kuonjeka kabisa. Ndiyo maana mche uliokuwa unachanua bila kuangaliwa Tanga au Morogoro, ukifika Ilazo au Nzuguni unaanza kudeka. Dawa ya wadudu, ambayo wengi huikimbilia kwanza, huku inatakiwa iwe ya mwisho, kwa sababu matatizo mengi ya haibiskasi ya Dodoma yanaanzia ndani ya chungu: maji, chumvi, mizizi.

Kabla ya kununua chochote, chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili usikie kama pana unyevu. Geuza majani matatu au manne uone upande wa chini. Tazama njano iko wapi, kwenye majani machanga ya ncha au yale ya zamani ya chini. Kisha kagua ukingo wa chungu na uso wa udongo kama kuna gamba jeupe. Ukishayajua hayo, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayokuhusu.

## Majani machanga ni njano, mishipa imebaki kijani

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi Dodoma, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Majani mapya yanatoka yamepauka huku mishipa yake ikibaki kijani kama mito kwenye ramani. Ikizidi, jani zima linakuwa njano inayokaribia weupe na kingo zake zinakauka. Majani ya chini yanaendelea kuwa ya kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma.

Mwenye mmea akiona njano anaongeza mbolea. Haisaidii, kwa sababu mara nyingi chuma kimo tayari. Udongo mwekundu wenyewe unapata rangi yake kutokana na chuma. Shida ni kwamba mizizi haiwezi kukichukua. Maji magumu yana bikaboneti, na kila unapomwagilia inabaki kidogo chunguni na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo: ikishuka asidi imezidi, ikipanda imepungua. Haibiskasi inapenda pH ya 6 hadi 6.8 hivi. Ikivuka 7 na kuendelea kupanda, chuma kinajifunga katika umbo lisiloyeyuka, na mmea unalala njaa ukiwa umekalia chakula.

Kujua kama maji yako ni magumu hakuhitaji maabara. Angalia ndani ya birika au sufuria ya kuchemshia maji: gamba jeupe gumu ni dalili tosha. Dalili nyingine ni sabuni ya mche kukataa kutoa povu.

Hatua ya kwanza ni kuacha kuongeza tatizo. Majivu ya jikoni, maganda ya mayai na chokaa vyote vinapandisha pH. Ushauri wa kumwagia majivu una maana kwenye udongo wenye asidi, kama ule wa Bukoba. Kwenye chungu kinachonyweshwa maji ya kisima cha Dodoma ni kuchochea moto. Fosfeti ya Minjingu nayo usiitumie kwa mmea huu, ingawa ni mbolea nzuri shambani: ina chokaa ndani yake, na haibiskasi haitaki fosforasi nyingi. Fosforasi ikizidi inazidi kukizuia chuma. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, inaangukia kwenye kosa hilo hilo.

Kisha mpe mmea chuma kilichofungwa kitaalamu, kinachoitwa cheleti. Kwenye lebo utaona herufi. Chuma cha EDTA kinafanya kazi vizuri pale pH isipozidi 6.5 hivi, kwa hiyo ukikimimina kwenye udongo wenye maji magumu kinapotea bure. Kinyunyizie kwenye majani jioni kwa kipimo cha pakiti. Chuma cha EDDHA, ambacho ni unga wa rangi nyekundu iliyoiva, kinastahimili pH kubwa. Kwa chungu cha lita 20, yeyusha gramu 2 katika lita 2 za maji, mimina kwenye udongo ambao tayari una unyevu. Kinatia doa jekundu kwenye sakafu na vigae, basi sogeza chungu kwanza. Usihukumu kwa majani ya zamani, yanaweza yasirudi. Tazama majani mapya baada ya wiki mbili au tatu.

Chuma peke yake kinatibu kwa muda tu iwapo maji ni yale yale. Tiba ya kudumu ni maji ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimita 10 za mvua kwenye bati la mita 10 za mraba ni lita 100, na hata ukipoteza robo kwa kuruka na kuvuja, bado unajaza zaidi ya ndoo tatu. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, halafu kinga. Funika pipa kwa neti kwa ajili ya mbu. Maji yakiwa machache, changanya nusu ya mvua na nusu ya bomba. Hata hiyo nusu inapunguza sana mrundikano.

Maji ya mvua yakishaisha kabisa, mwezi Agosti au Septemba, siki ya kawaida ya asilimia 5 inasaidia kuvuka: kijiko kimoja cha chakula (mililita 15) katika lita 5 za maji, mara moja kwa wiki. Siki huvunjwa na vijidudu vya udongoni na athari yake hupotea, kwa hiyo usiigeuze kuwa desturi ya mwaka mzima.

Kwa mbolea ya kawaida, chagua SA, yaani salfeti ya amonia, badala ya CAN, ambayo ni mbolea ya naitrojeni yenye chokaa. Inaongeza naitrojeni na wakati huo huo inashusha pH taratibu. Kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa chungu cha lita 20, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, kikisindikizwa na nusu kijiko cha salfeti ya potasi. Isambaze mbali na shina, kwenye udongo ulionyeshewa. Mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi siku hiyo hiyo.

## Majani ya chini ndiyo ya njano

Jani moja au mawili ya ndani kugeuka njano na kudondoka ni uzee tu. Yakiwa mengi kwa mpigo, fikiria ratiba ya maji kwanza: mgao unapokatika siku nne, kisha chungu kinamiminiwa ndoo nzima kwa furaha, mmea hutupa majani ya chini. Mmea mzima ukiwa umepauka na haukui, hapo ni naitrojeni, rudi kwenye SA. Na kama njano imekaa katikati ya mishipa ya majani ya zamani huku machanga yakiwa salama, upungufu ni wa magnesi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) katika lita 2 za maji, mara moja kwa mwezi, kwa miezi miwili.

## Kingo za majani zimeungua na chungu kina gamba jeupe

Hii ni chumvi. Maji yanapanda hewani kwa jua na upepo, chumvi inabaki, na ukimwagilia vikombe viwili vitatu kila siku bila maji kutoka chini, inajilimbikiza mwezi baada ya mwezi. Kingo za majani hukauka na kuwa kahawia kuanzia nchani.

Kwangua gamba la juu pamoja na sentimita 2 za udongo, ulitupe. Halafu safisha chungu kwa kumimina maji polepole kiasi cha mara mbili ya ujazo wake, yaani lita 40 kwa chungu cha lita 20, katika mikupuo minne yenye mapumziko ya robo saa. Kwa mji wenye mgao hizo ni lita nyingi. Namna ya kistaarabu ni kungoja mvua za Januari na kuviacha vyungu nje kwenye mvua kubwa, bila visahani chini. Baada ya hapo, kila unapomwagilia hakikisha maji kidogo yanatoka kwenye matundu, kama moja ya kumi ya uliyoyamimina.

Maji ya kufulia ni swali la kila nyumba. Yale ya kwanza, yenye sabuni ya unga, yana sodiamu nyingi na wakati mwingine blichi. Hayo yamwagie njia kutuliza vumbi. Maji ya suuza ya mwisho yanavumilika kwa boganvila iliyopandwa ardhini, lakini kwa haibiskasi ya chunguni, hapana.

## Mmea umenyauka

Uangalie saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa umesimama vizuri alfajiri na kulegea saa nane mchana, hiyo ni kujikinga na joto, na jioni utarudi. Ukiwa umelala asubuhi pia, kuna kitu.

Udongo ukiwa mkavu, tiba inaonekana rahisi, ila ina mtego. Udongo uliokauka sana hunywea na kuachana na kuta za chungu. Ukimimina maji yanapita pembeni, yanatoka chini haraka, unaamini umemwagilia, kumbe katikati ni vumbi. Tumbukiza chungu kwenye beseni la maji yafike theluthi mbili ya kimo chake, nusu saa, hadi uso wa juu ulowane, kisha kitoe kichuruzike. Hutokea zaidi kwa udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka. Usiutumie. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo mwekundu wa kichanga, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni ulioshwa.

Udongo ukiwa na maji na mmea umenyauka, mizizi inaoza. Hutokea katika mvua za Januari na Februari, na pia Juni na Julai, wakati usiku wa Dodoma unapopoa na mmea kunywa kidogo wakati mwenye nyumba anaendelea na ratiba ya Oktoba. Utoe chunguni. Mizizi mizima ni myeupe au ya hudhurungi hafifu na migumu. Iliyooza ni myeusi, inavuka ganda ukiivuta, na inanuka. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa spiriti, punguza matawi kwa theluthi, panda kwenye udongo mpya, weka kivulini siku kumi na usitie mbolea mpaka chipukizi litoke. Ndoo ya lita 20 iwe na matundu matano au sita ya unene wa kidole. Tundu moja la katikati huzibwa na mzizi au kokoto.

Ukikuta mizizi ina vinundu kama njugu, ni minyoo fundo. Hiyo haina tiba ya uhakika chunguni. Tupa udongo wote, na usiupeleke kwenye tuta la bamia au nyanya.

Kitu kingine kinachosahaulika ni joto la maji yenyewe. Mpira uliolala juani saa saba mchana unatoa maji ya kuunguza. Acha yatoke kwanza kwenye ndoo, au mwagilia kabla ya saa mbili asubuhi.

## Matumba yanadondoka kabla ya kuchanua

Kwanza tutenganishe. Ua la haibiskasi huishi siku moja, aina chache hufikia mbili. Likijikunja na kuanguka kesho yake, hakuna ugonjwa.

Tumba la kijani au lililoanza kuonyesha rangi likianguka likiwa limefunga, mara nyingi mmea uliwahi kukauka hata kwa siku moja, au umehamishwa, au mizizi imepata joto. Chungu cheusi kilicho juu ya saruji, ukuta ukiwa umeelekea magharibi, mwezi Oktoba, kinachemsha mizizi. Kisogeze kipate jua la asubuhi hadi saa sita, kikae juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, na ukitumbukize ndani ya chungu kikubwa zaidi au ukizungushie gunia. Tandaza majani makavu juu ya udongo, unene wa sentimita 5. Upepo wa Dodoma nao unakausha tumba, basi kona yenye ukuta ni bora kuliko baraza iliyo wazi.

Maji yakiwa sawa na kivuli kipo, pasua tumba lililoanguka na ulikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vya chini ya milimita 2, vya manjano au kahawia, vinavyokimbia, ni vithiripi. Okota matumba yote yaliyoanguka na uyafunge kwenye mfuko. Dawa zenye spinosadi huvidhibiti. Pulizia jioni nyuki wakishalala, kwa sababu ikiwa bado mbichi inawaua.

## Majani mengi, maua hakuna

Sababu huwa tatu. Kivuli: inahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi kila siku, chini ya mwembe haichanui. Samadi ya kuku: naitrojeni yake huleta majani makubwa mazuri na hakuna tumba. Ya tatu ni mkasi. Haibiskasi huchanua kwenye ncha za matawi mapya, hivyo uzio unaonyolewa kila wiki mbili unanyolewa maua yake. Pogoa mara moja, mwisho wa Agosti baridi inapoisha, ukiondoa hadi theluthi ya kila tawi juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Maua hurudi baada ya miezi miwili au mitatu.

Na Juni hadi Agosti maua kupungua ni kawaida. Usiihangaikie.

## Wadudu

Pamba nyeupe kwenye makutano ya majani na shina ni vidung'ata. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, anza na wao: wanalamba utomvu mtamu wa vidung'ata na kuwalinda na maadui. Weka visahani vya maji chini ya miguu ya meza ya vyungu, na hakikisha tawi haligusi ukuta. Kisha futa kila kundi kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, rudia kila siku nne kwa wiki tatu, maana mayai yamo ndani ya ile pamba yao. Kagua pia mpapai ulio jirani, kwa sababu kidung'ata wa mpapai hula haibiskasi vilevile, na bamia zako zinabadilishana wageni na mmea huu mwaka mzima. Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye utomvu huo. Yafute kwa kitambaa chenye maji, wadudu wakiisha hayarudi.

Majani yenye vidoa vidogo vya njano, yamepoteza mng'ao, na utando mwembamba chini yake, kati ya Julai na Novemba: utitiri. Vumbi na ukavu ndivyo vinavyoustawisha. Utitiri si mdudu, ni jamaa ya buibui, na dawa nyingi za wadudu haziuui. Zinaua maadui wake na kuuacha ushamiri. Osha upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu asubuhi, siku moja na kuacha mbili, mara tano. Ukibaki, uliza duka la pembejeo dawa yenye abamektini.

Vidukari kwenye ncha changa na nzi weupe wanaoruka ukitikisa tawi hawana ukaidi huo. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 5 kwa lita moja, pulizia chini ya majani jioni na suuza asubuhi. Jaribu kwanza tawi moja kwa siku nzima. Mwarobaini, ambao Dodoma hauhitaji kununuliwa, ni bora zaidi: ponda gramu 50 za mbegu kavu, loweka usiku katika lita moja ya maji, chuja, ongeza matone ya sabuni, tumia siku hiyo hiyo jioni kwa kuwa jua huharibu nguvu yake. Rudia kila wiki.

Jani likikosekana lote pamoja na ncha ya tawi, bila utando wala tundu dogo, tafuta mbuzi.

## Mche mpya kutoka pwani umepukutika

Ule ulioletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam ulikua kwenye hewa nyevu. Uweke kivuli chepesi wiki mbili, usiuhamishie chungu, usitie mbolea. Ukiona shina bado kijani ukikwaruza ganda kwa ukucha, utachipua.

## Shina limekufa nusu

Okoa vipandikizi kabla shina lote halijakauka. Chagua tawi lenye afya la unene wa penseli, kata sentimita 12 hadi 15 chini kidogo ya kifundo, acha majani mawili ya juu na uyakate nusu. Chomeka theluthi kwenye mchanga wa mtoni ulioshwa, funika na plastiki angavu isiyogusa majani, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita kukiwa na joto. Aina nyekundu ya kawaida ya uzio hushika kirahisi; zile za maua makubwa ya rangi mbili mbili zina mizizi dhaifu, na wenye vitalu huzibebesha juu ya ile nyekundu. Septemba hadi Machi ndiyo miezi yake. Kikichomekwa Juni kinakaa tu, na mara nyingi huoza kabla ya kutoa mzizi.